Kisa cha Cécile Kyenge: tusi lilipoombewa kinga ya bunge

Jumamosi ya tarehe 13 Julai 2013, huko Treviglio, mji wa jimbo la Bergamo kaskazini mwa Italia, chama cha Lega Nord kilikuwa na sherehe yake ya kiangazi. Aliyepanda jukwaani ni Roberto Calderoli, mmoja wa vigogo wa chama hicho na wakati ule makamu wa rais wa Seneti. Katika hotuba yake alimgusia waziri mmoja wa serikali. Alisema anapenda wanyama, dubu na mbwa mwitu, kama ijulikanavyo. Lakini akiona picha za Kyenge hawezi kuacha kufikiria sura ya orangutani, yule nyani mkubwa wa Asia, ingawa, akaongeza, hasemi kwamba ndivyo alivyo. Tena akasema mama huyo angefanya vyema kuwa waziri katika nchi yake mwenyewe.

Tuitazame sentensi hiyo kwa makini, maana imepangwa. Inaanza na upendo wa wanyama, ili msikilizaji acheke kabla hajajua anacheka nini. Kisha linatajwa jina la mtu. Kati ya jina na mnyama kimechomekwa kipande kidogo, "ingawa sisemi kwamba ndivyo alivyo", na kipande hicho ndicho mlango wa kutokea iwapo mambo yataharibika. Calderoli hakuwa mlevi wa baa aliyeropoka. Alikuwa amewahi kuwa waziri zaidi ya mara moja, na mara moja kati ya hizo wizara yake ilikuwa ya kurahisisha sheria. Mwaka 2006 alijiuzulu uwaziri baada ya kuonyesha kwenye televisheni fulana yenye katuni ya Mtume Muhammad, jambo lililofuatiwa na ghasia na vifo mbele ya ubalozi mdogo wa Italia mjini Benghazi. Miezi michache baadaye, Italia ilipoifunga Ufaransa kwenye fainali ya Kombe la Dunia, alisema Ufaransa imeshindwa kwa sababu imepanga weusi, Waislamu na wakomunisti. Alijua maneno yana uzito gani, na alijua pia kwamba kwake yeye bei yake huwa ndogo.

Aliyetajwa, Kashetu Kyenge, anayejulikana kwa jina la Cécile, alizaliwa mwaka 1964 huko Kambove, mji wa migodi ya shaba jirani na Likasi, Katanga, nchini Kongo. Ni sehemu ambayo Kiswahili ndicho lugha ya sokoni, ya mgodini na ya majumbani mwa watu wengi. Alikwenda Italia mwaka 1983 kusomea udaktari, akafanya kazi ya kuwahudumia wazee ili ajikimu, akabobea kuwa daktari wa macho. Aliolewa na Mwitaliano, akapata mabinti wawili, akaishi Castelfranco Emilia karibu na Modena, na akaingia siasa kwa kupitia mabaraza ya mitaa kabla ya kuchaguliwa mbunge wa chama cha Partito Democratico mwezi Februari 2013. Tarehe 28 Aprili mwaka huo aliapishwa kuwa waziri wa utangamano katika serikali ya Enrico Letta. Italia haikuwahi kuwa na waziri mweusi kabla yake.

Mara tu baada ya kiapo, Mario Borghezio, mbunge wa Lega katika Bunge la Ulaya, alihojiwa redioni. Aliibatiza serikali mpya "bonga bonga", akadai waziri huyo atawaletea Waitaliano mila za kikabila za Kongo. Kyenge alipokutana na waandishi wa habari siku chache baadaye, walitarajia ajibu kwa uchungu. Alijibu kwa kusahihisha lugha. Magazeti yalikuwa yakimwita waziri "wa rangi", msamiati unaochukuliwa na Waitaliano wengi kuwa wa adabu. Yeye akasema: mimi si wa rangi, mimi ni mweusi, na nasema hivyo kwa fahari. Kwa wengi jambo hili lilikuwa dogo. Kwangu mimi ndipo kisa hiki kinapoanza hasa. Adabu ya "wa rangi" ilikuwa inadokeza kwamba weusi ni kitu cha kufichwa kwa ustaarabu, kama ugonjwa usiotajwa mbele ya wageni. Yule mama alikataa kuhurumiwa, na nadhani kukataa huko kuliwaudhi baadhi ya watu kuliko sera yoyote aliyoipendekeza.

Sera yenyewe haikuwa ya ajabu. Sheria ya uraia ya Italia, namba 91 ya mwaka 1992, inafuata damu. Mtoto aliyezaliwa Italia kwa wazazi wageni, akasoma chekechea hadi sekondari hapohapo, akaongea lahaja ya mji wake kuliko lugha ya bibi yake, hubaki mgeni mpaka atimize miaka 18. Tena lazima awe ameishi nchini bila kukatiza, na ana mwaka mmoja tu wa kuomba. Mgeni mtu mzima kutoka nje ya Umoja wa Ulaya husubiri miaka 10 ya ukaazi kabla ya kuomba. Kyenge alitaka watoto hao watambuliwe mapema. Alitaka pia kufutwa kwa sheria ya mwaka 2009 iliyofanya kuwepo nchini bila vibali kuwa kosa la jinai.

Majira ya joto ya mwaka huo yalikuwa mabaya. Mwezi Juni diwani mmoja wa Lega huko Padova aliweka picha ya waziri mtandaoni na kuuliza kwa nini hakuna mtu anayembaka. Chama chake kilimfukuza, na mahakama ikamtia hatiani. Mwezi Julai, kabla ya ziara yake Pescara, Forza Nuova, kundi la mrengo mkali wa kulia, lilitundika vitanzi kwenye nguzo za taa. Huko Cervia, tarehe 26 Julai, kundi hilohilo lilitanguliza masanamu yaliyopakwa damu bandia, na waziri alipokuwa akihutubia mtu akarusha ndizi mbili kuelekea jukwaani. Kyenge aliandika kwamba inasikitisha kupoteza chakula hivyo wakati watu wanakufa njaa na uchumi umeyumba.

Halafu, Januari 2014, gazeti la chama cha Lega, La Padania, lilianza kuchapisha kila siku ratiba ya waziri: atakuwa wapi, saa ngapi, anakutana na nani. Gazeti lilijitetea kwamba habari hizo tayari ziko wazi kwenye tovuti ya wizara, na kweli zilikuwapo. Naitaja hatua hii kwa sababu haina hata neno moja la matusi ndani yake. Orodha ya saa na mahali, ikichapishwa na watu waliokwisha kumfanya mtu kuwa shabaha, husomwa tofauti na orodha ileile ikiwa ubaoni mwa ofisi. Anayechunguza lugha ya chuki kwa kutafuta maneno makali tu angeipita ratiba hiyo bila kuiona.

Turudi Treviglio. Kelele zilipozidi, Calderoli alisema ulikuwa mzaha, akampigia simu Kyenge kumwomba radhi. Kyenge alipokea radhi. Lakini alisema jambo ambalo naona limepuuzwa na wengi walioandika kuhusu kisa hiki: hayachukui maneno yale kama tusi kwake binafsi, yanamsikitisha kwa sababu ya sura wanayopewa Waitaliano, na mwenye kusema atafakari cheo alichonacho. Hapo aliigawa kesi mara mbili. Ya moyo wake aliimaliza kwa simu. Ya taifa hakuwa na mamlaka ya kuisamehe.

Sisi wa Afrika Mashariki tunao utani, na tunazijua kanuni zake. Msukuma na Mzaramo wanaweza kutupiana maneno msibani ambayo yangemwua mtu mwingine kwa hasira, na hakuna anayeumia, kwa kuwa mtani leo anakusema wewe na kesho unamsema yeye, mko sawa kwa kimo, na kila mmoja anajua mwenzake atakuja kumzika. Pale Treviglio hakukuwa na mtani. Kyenge hakuwapo mkutanoni. Hakuwa na nafasi ya kujibu kwa kipimo kilekile, maana hakuna mnyama ambaye mwanamke wa Kikongo angemfananisha na seneta mzungu wa Bergamo akamtoa katika ubinadamu. Mzaha mzaha hutunga usaha, wasemavyo wahenga, na usaha wa mzaha huu ulikuwa tayari umekomaa tangu zamani. Mwaka 1937, Italia ikiwa imeikalia Ethiopia, serikali ya kifashisti ilitoa amri ya kumfunga hadi miaka mitano Mwitaliano yeyote aliyeishi kinyumba na mwenyeji wa koloni. Mwaka uliofuata zikaja sheria za mbari dhidi ya Wayahudi. Kila aliyesoma shule katika nchi ile alikuwa na njia ya kujua maana ya kumfananisha Mwafrika na nyani.

Sasa sheria. Hapa ndipo kisa kinapokuwa kizito, na naomba msomaji avumilie utaratibu kidogo.

Nchini Italia, kumkashifu mtu ni kosa, lakini kwa kawaida mashtaka hayaendi bila malalamiko ya aliyekashifiwa. Kashfa ikiwa na chuki ya mbari ndani yake, mambo hubadilika: sheria inayoitwa ya Mancino, ya mwaka 1993, inaifanya kuwa kosa zito zaidi, na mwendesha mashtaka anaweza kuendelea mwenyewe kwa jina la umma. Kyenge hakufungua malalamiko. Kwa hiyo kesi nzima ya Bergamo ilisimama juu ya nguzo moja, kwamba tusi lile lilikuwa la mbari. Ukiing'oa nguzo hiyo, kinachobaki ni ugomvi wa watu wawili ambao mmoja wao hakushtaki.

Calderoli akakimbilia kifungu cha 68 cha Katiba, kinachosema wabunge hawawezi kuwajibishwa kwa maoni wanayotoa na kura wanazopiga katika kutekeleza kazi zao. Suala likafika Seneti mwaka 2015, kwanza kwenye kamati ya kinga, kisha ukumbini. Maseneta walitoa maamuzi mawili badala ya moja. Kuhusu kashfa, walikubali kesi iendelee. Kuhusu chuki ya mbari, walikataa: sehemu hiyo, walisema, ni maoni ya mbunge, haiguswi na mahakama. Miongoni mwa waliompa Calderoli kinga hiyo walikuwamo maseneta wa chama cha Kyenge mwenyewe.

Nimelifikiria sana jambo hili, na bado linanitia hasira. Haiwezekani kuligawa tusi la orangutani hivyo. Mtoe Kyenge weusi wake na Afrika yake, sentensi ile inabaki haina maana yoyote. Hakuna mtu angecheka. Calderoli alidai kwamba wanasiasa wengine pia amewahi kuwafananisha na wanyama, na wapo maseneta waliokubali hoja hiyo kana kwamba mnyama ni mnyama. Mwitaliano mweupe akiitwa kongoti anaambiwa ana miguu mirefu. Mwafrika akiitwa nyani anaambiwa si mtu. Seneti ilikiri kwamba heshima ya mwanamke mmoja huenda imevunjwa, ikafunga macho isione imevunjwa kwa nyundo gani. Na kwa kuwa yeye hakushtaki, macho hayo yaliyofungwa yangetosha kuizika kesi.

Iliyookoa jambo ni mahakama ya Bergamo. Ilikataa kuinamisha kichwa, ikaupeleka mgogoro wake na Seneti mbele ya Mahakama ya Katiba. Mwaka 2018, katika uamuzi namba 59, Mahakama ya Katiba iliubatilisha uamuzi wa Seneti. Msingi wake ni rahisi kuueleza: kinga inalinda kazi ya ubunge, na ili neno lililosemwa nje ya bunge lilindwe lazima liwe na uhusiano na jambo ambalo mbunge huyo amelifanya ndani ya bunge. Kumfananisha waziri na orangutani kwenye sherehe ya chama si hoja, si swali, si muswada. Tarehe 14 Januari 2019 mahakama ya Bergamo ilimhukumu Calderoli kifungo cha miezi 18 kwa kashfa yenye chuki ya mbari, utekelezaji wake ukasimamishwa. Hiyo ilikuwa ngazi ya kwanza tu, na kesi ilikuwa bado na ngazi za rufaa mbele yake. Borghezio naye alikuwa ametiwa hatiani Milano mwaka 2017: faini ya euro 1,000, na fidia ya euro 50,000 kwa Kyenge.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito. Husemwa kwamba siasa ni mahali pa maneno makali, na ukimpa hakimu rungu la kupima ndimi za wabunge, kesho rungu hilohilo litawaangukia wapinzani wa serikali. Sisi tunaotoka nchi ambazo watu wamefungwa kwa kumkejeli kiongozi hatuwezi kulibeza. Na mfano upo ndani ya kisa hiki hiki: Kyenge mwenyewe alishtakiwa huko Piacenza kwa kusema kwamba Lega ni chama cha kibaguzi. Alisema hivyo mwaka 2014, akafikishwa mahakamani miaka kadhaa baadaye, akaachiliwa mwaka 2019. Weka kesi hizo mbili pamoja uzipime. Katika moja, mtu anakipa chama cha siasa jina kwa sababu ya matendo ya chama hicho. Chama kinaweza kubadilika, kinaweza kujibu, kinaweza kumfukuza mbaguzi na kumwumbua msemaji. Katika nyingine, mtu anamtoa mwenzake katika ubinadamu kwa alichozaliwa nacho. Ya kwanza ni maoni hata kama yangekuwa si ya haki. Ya pili haina kitu cha kujadiliwa, na Mahakama ya Katiba iliona vivyo hivyo: bunge haliwezi kulinda mjadala ambao haupo.

Wengine watasema Lega imebadilika, kwa kuwa mwaka 2018 seneta wa kwanza mweusi wa Italia, Toni Iwobi, mzaliwa wa Nigeria, alichaguliwa kwa tiketi ya chama hichohicho. Nampa heshima yake Iwobi. Lakini mwaka uleule, Lorenzo Fontana, waziri kutoka Lega, alipendekeza sheria ya Mancino ifutwe, yaani ile sheria ambayo bila yake kesi ya Bergamo isingekuwapo. Milango inaweza kufunguliwa kwa mtu mmoja huku ukuta ukipandishwa kwa wengine.

Kuhusu madhara ya maneno yenyewe, sitaki kudai kwamba hotuba fulani iliua mtu fulani. Lakini maneno ya jukwaani hushuka barabarani. Huko Fermo, mkoa wa Marche, Julai 2016, mwanamume alimwita mke wa mkimbizi mmoja wa Nigeria nyani wa Kiafrika. Mume akasimama kumtetea mkewe, akapigwa, akafa. Aliyemwua hakuhitaji kubuni tusi. Lilikuwa limeshatumiwa na makamu wa rais wa Seneti, na Seneti ilikuwa imeshaamua, mwaka mmoja kabla, kwamba chuki iliyomo ndani yake haihusu mahakama.

Nyumbani alikotoka Kyenge wanalijua hili kwa uchungu wao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kyenge akiwa tayari Italia, wanasiasa wa Katanga walianza kuwaita watu wenye asili ya Kasai "bilulu", ambalo kwa Kiswahili cha huko ni wadudu. Wengi wa watu hao walizaliwa Katanga, wazazi wao waliletwa na kampuni za migodi na reli. Mwaka 1992 na 1993 walifukuzwa kwa mamia ya maelfu kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine, wakalala kwenye stesheni za reli wakisubiri treni za kuwapeleka mkoa ambao wengi wao hawakuwahi kuuona, na wengi walikufa. Wala haikuhitaji rangi mbili za ngozi. Ilitosha mnyama mmoja mdogo atajwe mara nyingi na watu wenye vyeo, na swali lilelile liulizwe: kwa nini hamuendi kwenu?

Swali hilo ndilo kiini cha hotuba ya Treviglio, na magazeti mengi yalilipita yakimkimbilia orangutani. Mnyama alikuwa wa kuvuta kicheko. Hoja ilikuwa ile sentensi ya pili, kwamba awe waziri katika nchi yake. Kyenge alikuwa raia wa Italia, mbunge aliyechaguliwa, waziri aliyeapa mbele ya rais wa jamhuri. Nchi yake ilikuwa palepale aliposimama msemaji. Nafasi ya watoto wa Modena, Bergamo na Napoli ambao Kyenge alikuwa anawatetea inategemea jibu la swali hilo, na mpaka sasa sheria imelijibu vibaya. Muswada wa uraia wa watoto ulipita Baraza la Wawakilishi mwezi Oktoba 2015, ukafia Seneti mwishoni mwa mwaka 2017. Juni 2025 wananchi waliitwa kupiga kura ya maoni ya kupunguza miaka ya kusubiri kutoka 10 hadi 5. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 30, wakati sheria inataka zaidi ya nusu, na kura ikabatilika ingawa wengi wa waliopiga walisema ndiyo.

Kyenge aliondoka wizarani Februari 2014 serikali ya Letta ilipoanguka, akakaa Bunge la Ulaya mpaka mwaka 2019. Wizara ya utangamano haikuendelea katika serikali iliyofuata. Calderoli aliapishwa tena kuwa waziri mwezi Oktoba 2022, katika serikali ya Giorgia Meloni, akapewa masuala ya mikoa. Ukipima kwa vyeo, hesabu iko wazi nani alilipa na nani hakulipa. Kilichobaki upande wa pili ni uamuzi namba 59. Seneta mwingine akimwita raia mweusi mnyama mbele ya umati, na wenzake wakipiga kura kusema hayo ni maoni ya bunge, hakimu wa mji wowote wa Italia sasa anao mkononi.